Kilele cha 7 kHz kwenye spektra: ni wimbi la drifti au ni jambo lingine?

Swali: Tuna chemba ya plazma iliyonyooka, urefu wake mita 1.5, na safu ya plazma ndani yake ina nusukipenyo cha sm 5. Gesi ni agoni kwa presha ya 0.1 Pa, chanzo ni antena ya 13.56 MHz, uga wa sumaku ni 80 mT. Probu ya Langmuir (ncha ya waya inayoingizwa ndani ya plazma) inatupa msongamano wa elektroni kama 10¹⁷ kwa mita ya ujazo na halijoto ya elektroni 3 eV. Kwenye sm 3 kutoka katikati, pale msongamano unaposhuka kwa haraka, spektra ina kilele kikali cha 7 kHz. Hesabu ya wimbi la drifti (lile linalolishwa na mteremko wa msongamano) kwa m = 2, yaani mawimbi mawili kamili kuzunguka safu, inatoa 7.1 kHz, na wenzangu wanasema kazi imekwisha. Mimi sijaridhika. Nitajuaje kwamba si uyumbaji wa Kelvin-Helmholtz (unaolishwa na tofauti za spidi ndani ya plazma) au kelele ya vifaa? Na tukibadili gesi iwe heli, tutapata jibu?

Jibu: Usiridhike bado. Hesabu ya wenzako haina kosa, ila haithibitishi wanachodhani inathibitisha. Tuirudie kwa takwimu zako uone tundu liko wapi.

Katika uga wa 80 mT, ioni ya agoni huuzunguka mstari wa sumaku mara 31,000 hivi kwa sekunde. Spidi ya sauti ya ioni, elektroni zikiwa na 3 eV, ni kama 2,700 m/s. Igawanye kwa kasi-pembe ya mzunguko huo (2π mara 31,000) na utapata kipimo kinachoandikwa ρs, ambacho kwako ni sm 1.4. Urefu wa mteremko wa msongamano, Ln, hukuutaja, lakini 7.1 kHz hutoka pale Ln inapokuwa sm 3, kwa hiyo nachukua hiyo. Masafa ya msingi ya drifti ni

f* = m·Te / (2π·r·B·Ln)

Te ni halijoto ya elektroni kwa eV, r ni umbali kutoka katikati na B ni uga wa sumaku, vyote hivyo vingine kwa vipimo vya kawaida vya SI. Kwako f* ni 6.6 kHz mara m. Kisha unaigawa kwa 1 + k²ρs², ambapo k = m/r. Wengi hukokotoa m moja tu, ile inayowapendeza, wakaishia hapo. Kokotoa zote nne za mwanzo: m = 1 inatoa 5.5 kHz, m = 2 inatoa 7.1, m = 3 inatoa 6.8, m = 4 inatoa 6.0.

Zitazame tena. Kutoka m = 1 hadi m = 4 masafa yote yamebanana ndani ya 1.6 kHz. Sababu ni kwamba ρs yako ni kubwa ukilinganisha na nusukipenyo, hivyo kigawanyo kinakua karibu sawasawa na kinachogawanywa. Kosa la asilimia 15 kwenye Te au Ln, ambalo kwa probu ni jambo la kila siku, linatosha kukuhamisha kutoka m moja hadi nyingine. Kwenye mashine kama yako masafa si kitambulisho cha wimbi. Kitambulisho ni fezi, yaani wimbi limefika hatua gani ya mzunguko wake: fezi kuzunguka safu, fezi kando ya uga, na fezi kati ya msongamano na volteji.

Mzunguko wa plazma nzima

Kabla ya fezi, kuna jambo linaloharibu hesabu hata zaidi. Safu ya plazma haikai tuli. Pakiwa na uga wa umeme E kati ya kiini na ukingo, plazma yote inazunguka kwa spidi E/B, na wimbi linabebwa nayo kama ngalawa kwenye mkondo. Probu, ambayo imesimama, inasoma masafa ya wimbi yakiwa yameongezwa au kupunguzwa kwa m·E/(2π·r·B).

Weka namba. Ili m = 1, ambayo peke yake ni 5.5 kHz, ionekane kama 7.0 kHz, inatosha plazma izunguke kwa 290 m/s. Huo ni uga wa 23 V/m, yaani tofauti ya volti 0.7 tu katika sm 3. Nani anaijua volteji ya plazma yake kwa usahihi huo?

Mwelekeo upate kwa mkono wa kulia: kidole gumba kielekee uga wa sumaku, na vidole vinavyokunjika vitakuonyesha upande wa drifti ya elektroni kwenye safu yenye msongamano mkubwa katikati. E inayoelekea katikati huizungusha plazma upande huohuo na kuongeza masafa. Inayoelekea nje huizungusha kinyume. Wimbi la drifti likibebwa kinyume kwa nguvu ya kutosha linaweza kuonekana maabara likienda upande wa ioni, kinyume cha ule wa elektroni, na hapo ndipo watu huandika ripoti nzima kuhusu wimbi jingine kabisa.

Kosa linalojirudia kuliko yote ni kupima E kwa volteji ya kuelea, kwa kuwa ni rahisi: unaacha ncha bila mkondo na kusoma. Lakini kwa agoni volteji ya plazma iko juu ya volteji ya kuelea kwa kama mara 5.2 ya Te. Te ikishuka kwa 1 eV kutoka katikati hadi sm 3, volteji ya kuelea itakuonyesha tofauti ya volti 5 ambayo haipo kwenye plazma, sawa na uga bandia wa 170 V/m. Ni mara saba ya uga uliotosha kubadilisha sura ya m = 1. Kwa hiyo chukua mkunjo kamili wa mkondo na volteji kila milimita 5, urekebishe kwa Te ya mahali hapo, au tumia probu yenye nyuzi inayochomwa hadi itoe elektroni; hiyo husoma karibu na volteji ya plazma yenyewe.

Na kwa kuwa chanzo chako ni 13.56 MHz, mkunjo huo nao unaweza kudanganya. Volteji ya antena huutikisa utando (tabaka jembamba la chaji) unaoizunguka ncha, mkunjo unalala, na Te inasomeka kubwa kuliko ilivyo. Te ikisomeka 6 badala ya 3, f* nayo inakuwa maradufu. Weka koili ndogo za kuzuia 13.56 na 27.12 MHz ndani ya shina la probu, sm chache tu nyuma ya ncha. Zikikaa nje ya chemba zimechelewa, maana kebo yenyewe imeshaubeba mtikisiko huo hadi kwenye athi.

Kelele kwanza, maana ni ya haraka

Zima plazma lakini acha kila kitu kingine kikifanya kazi: koili, pampu, pawasaplai. Kilele kikibaki, si cha plazma. Kikipotea, bado hujashinda, kwa sababu pawasaplai ya koili inaweza kuitikisa plazma kupitia uga wenyewe. Mawimbi ya umeme wa gridi hukaa chini (100 Hz na 300 Hz kwa gridi ya 50 Hz), hayo si tatizo lako. Pawasaplai za kukatakata umeme hufanya kazi kwenye makumi ya kHz, na mbili zenye masafa yanayokaribiana hutoa tofauti yake, ambayo inaweza kuangukia popote, hata 7 kHz. Weka kebo ya pili ya osiloskopu kwenye mkondo wa koili na kwenye nguvu ya antena inayorudi nyuma, upime koherensi na probu, yaani ishara hizo zinakwenda pamoja kiasi gani.

Jaribio jingine ni la fezi. Chanzo kikiwa ndicho kinachopumua, msongamano hupanda na kushuka kwa pamoja kuzunguka safu yote: m = 0. Wimbi la drifti haliwezi kuwa m = 0.

Mawimbi mengine mawili yanaondoka kwa mstari mmoja kila moja. La ioni-saiklotroni hukaa juu kidogo ya masafa ya ioni, kwako 31 kHz, hivyo si hilo. La sauti ya ioni lililosimama kati ya ncha mbili za chemba lingeanza kwenye 0.9 kHz, likiwa na ngazi zake juu yake, na halijali uga wa sumaku.

Probu ya kupima fezi

Hapa ndipo pa kutumia muda. Tengeneza probu ya ncha tatu zilizopangwa kwenye upinde wa safu, kukata uga wa sumaku, milimita 5 kati ya moja na jirani yake. Waya wa tangsteni wa kipenyo cha mm 0.5, mm 3 zikiwa wazi, zilizobaki ndani ya mrija wa alumina. Ncha mbili za pembeni zipewe −50 V kwa betri, si kwa pawasaplai, zisome mkondo wa ioni ulioshiba, ambao hupanda na kushuka pamoja na msongamano. Ncha ya katikati iachwe kuelea.

Kwa nini ya katikati? Kwa m = 2 kwenye r = sm 3, sm 1 ya upinde ni nyuzi 38 za fezi. Ukipima msongamano kwenye ncha moja na volteji kwenye jirani yake, umeshaingiza nyuzi 19 za bure kabla ya fizikia yoyote. Ukichukua wastani wa fezi za ncha mbili za pembeni, unapata fezi ya msongamano mahali palepale palipo ncha ya volteji. Tofauti kati ya fezi za ncha hizo mbili za pembeni inakupa k, na kwa hiyo m. Sm 1 inatosha hadi m = 9 hivi kabla fezi haijavuka nyuzi 180 na kukuchanganya.

Mkondo utakaouona ni mdogo. Kwa msongamano wako ncha hiyo inakusanya kama mA 0.13, kwenye rezista ya 1 kΩ ni volti 0.13, na mtikisiko wa asilimia 10 ni mV 13. Amplifaya ya mara 20 inatosha.

Upande wa volteji ya kuelea ndiko kwenye mtego. Utando unaoizunguka ncha una ukinzani wake, takriban Te kugawanywa kwa mkondo ulioshiba: volti 3 kwa mA 0.13, yaani 23 kΩ. Kebo ya kawaida ina kama pF 100 kwa mita. Mita tatu ni pF 300. Ukinzani huo na kapasitansi hiyo vinatengeneza kichujio kinachoanza kukata kwenye 23 kHz. Utasema 7 kHz iko chini sana ya hapo. Kwa kimo cha wimbi, sawa, hupotezi zaidi ya asilimia 5. Kwa fezi, volteji yako imechelewa nyuzi 17.

Na tazama inachelewa upande gani. Nadharia inasema kwenye wimbi la drifti linalokua, volteji huchelewa kidogo nyuma ya msongamano, kwa kawaida chini ya nyuzi 45. Kebo yako inatengeneza dalili hiyohiyo unayoitafuta! Matokeo mazuri kupita kiasi ya fezi ya nyuzi 15 hadi 20 yanapaswa kukufanya uangalie urefu wa kebo kwanza.

Dawa ni kuweka amplifaya ndogo ya kufuata volteji, yenye mlango wa ukinzani mkubwa, palepale kebo inapotoka chembani, na kuupa wavu wa nje wa kebo volteji ileile ya waya wa ndani ili kapasitansi isionekane. Kisha ithibitishe. Hewa ikiwa imeingizwa chembani, peleka ishara ya 7 kHz kwenye ncha ya volteji kupitia rezista ya 22 kΩ, na ishara hiyohiyo kwenye saketi ya mkondo, usome tofauti ya fezi mwishoni mwa mnyororo. Isizidi nyuzi 2 au 3. Ikizidi, iandike na uitoe kwenye kila kipimo.

Kadi ya kuchukulia sampuli nayo iangalie. Kadi za bei nafuu zina kigeuzi kimoja kinachozungukia chaneli moja baada ya nyingine. Mwanya wa mikrosekunde 10 kati ya chaneli kwenye 7 kHz ni nyuzi 25. Jaribio rahisi ni kubadilishana kebo: fezi ya kweli hugeuka alama, ya vifaa hubaki vilevile. Nusu ya jumla ya vipimo viwili ndiyo kosa la vifaa.

Sampuli 500,000 kwa sekunde zinatosha, mradi kuna kichujio kabla ya kigeuzi. Vipande vya ms 10 vinakupa mgawanyo wa 100 Hz. Chukua vipande 100, sekunde moja nzima, na usiisome fezi mahali ambapo koherensi iko chini ya 0.3. Kwa vipande 100, kelele tupu peke yake hutoa kama 0.1.

Kusoma ulichopata

Kwenye wimbi la drifti, elektroni hukimbia kando ya uga na kujipanga na volteji, kwa hiyo mtikisiko wa msongamano kwa uwiano (ñ/n) unakaribiana na ule wa volteji ukigawanywa kwa Te. Asilimia 10 ya msongamano iende na volti 0.3 hivi. Fezi kati yao ni ndogo, na kimo cha wimbi ni kikubwa pale mteremko wa msongamano ulipo mkali.

Kelvin-Helmholtz haipati nguvu kutoka kwenye mteremko wa msongamano. Inalishwa na tofauti ya spidi ya mzunguko kati ya tabaka na tabaka. Kimo chake hukaa pale spidi inapobadilika ghafla, volteji hutikisika sana kuliko msongamano kwa uwiano, na fezi huenda mbali na sifuri, mara nyingi kuelekea nyuzi 90. Matabaka haya mawili, la mteremko wa msongamano na la mkato wa spidi, yanaweza kuwa milimita chache tu kutoka kwa jingine, kwa hiyo chora profaili zote mbili kwenye karatasi moja.

Tahadhari kuhusu Te: ikitikisika nayo, volteji ya kuelea hubeba mara 5.2 ya mtikisiko huo. 0.1 eV tu inaongeza nusu volti, zaidi ya ishara yenyewe. Ukiwa na probu ya nyuzi inayotoa elektroni, rudia kipimo cha fezi kwayo angalau kwenye sehemu moja.

Historia ina fundisho hapa. Mwaka 1960, Rynn na D'Angelo walijenga Princeton mashine iliyoitwa Q: plazma inatengenezwa kwa mvuke wa metali ya alkali kugusa bamba la tangsteni lenye moto, bila mkondo wa kuichoma gesi, na halijoto ni kama 0.2 eV. Ilikusudiwa iwe tulivu. Kwenye mashine za aina hiyo Hendel, Chu na Politzer walitambua mawimbi ya drifti yenye migongano mwaka 1968, na mwaka uliofuata Kent, Jen na Chen wakaonyesha kwamba mtikisiko wa ukingoni ni Kelvin-Helmholtz. Safu moja, mawimbi mawili. Kuyatenganisha kulihitaji profaili, fezi na mzunguko wa plazma. Orodha ya vilele peke yake haikutosha.

Fezi kando ya uga

Kelvin-Helmholtz karibu haibadiliki kando ya uga wa sumaku. Wimbi la drifti lazima libadilike, ingawa taratibu: kwenye chemba yako tarajia urefu wa wimbi wa kama mita 3, mara mbili ya chemba. Probu mbili zilizoachana sm 50 kando ya uga zingepishana nyuzi 60 wimbi likiwa linasafiri. Likiwa limesimama, fezi haitapanda hivyo na badala yake kimo kitatofautiana mahali na mahali, kwa hiyo sehemu mbili hazitoshi. Tafuta na ya tatu.

Kinachoharibu kipimo hiki ni probu kutokuwa kwenye mstari mmoja wa sumaku. Kupishana kwa mm 5 kwenye r = sm 3 ni nyuzi 10 za duara, ambazo kwa m = 2 ni nyuzi 19 za fezi na kwa m = 3 ni 29. Usitegemee ramani ya chemba. Ipe probu ya kwanza volteji chanya ivute elektroni nyingi, halafu isogeze ya pili huku na huku mpaka mkondo wake ushuke: umekiona kivuli cha ya kwanza, na hapo ndipo mstari ulipo. Rudia kila ukibadilisha uga, kwa kuwa koili zisizolingana hupinda mistari kwa viwango tofauti.

Kugeuza vidhibiti viwili: uga wa sumaku na bamba la mwisho

Vitabu vinasema masafa ya drifti hupungua kadiri uga unavyoongezeka. Kwako hilo halitaonekana. Kwa m = 2, kama Te na Ln havibadiliki, 40 mT inatoa 6.0 kHz, 80 mT inatoa 7.1, na 160 mT inatoa 5.5. Inapanda halafu inashuka. Anayetafuta mstari ulionyooka atahitimisha kimakosa kwamba si drifti. Kinachofaa kufuatiliwa ukiongeza uga ni m yenyewe: kadiri ρs inavyopungua, mawimbi ya m kubwa zaidi hupokezana zamu. Pima profaili upya katika kila hatua, maana chanzo cha redio hubadilisha umbo la safu uga ukibadilika, na Ln ya jana si ya leo.

Kidhibiti chenye nguvu zaidi kiko mwishoni mwa chemba. Weka bamba lililokatwa kuwa pete tatu au nne za katikati moja, kila pete ikiwa na waya wake, uzipe volteji tofauti. Volteji hizo hupanda kando ya uga na kubadilisha mzunguko wa plazma, huku msongamano ukibadilika kidogo tu. Kila 10 V/m unayoongeza kwenye r = sm 3 husogeza kilele cha m = 1 kwa 0.66 kHz na cha m = 2 kwa 1.33 kHz. Chora masafa dhidi ya E, na mwinamo wa mstari unakupa m kwa njia isiyohusiana na probu ya ncha tatu. Njia mbili zikikubaliana, m yako ni ya kweli.

Kisha tafuta volteji zinazoulainisha mkato wa spidi hadi safu izunguke kama kitu kimoja au isizunguke kabisa. Kelvin-Helmholtz hapo hufifia kwa kuwa imenyimwa chakula. Wimbi la drifti hubaki, likisogea tu masafa. Jaribio hili nalithamini kuliko yote yaliyotangulia, maana linagusa chanzo cha nguvu ya wimbi. Anza na volti moja moja na uangalie mkondo wa kila pete: pete ikianza kuvuta elektroni nyingi, unasukuma mkondo kando ya uga na unaweza kuamsha wimbi la tatu ambalo halikuwepo.

Ukiwa unaingiza probu, acha nyingine nje ya njia ikifuatilia spektra. Kilele kikisogea au kufifia shina linapoingia, probu inakunywa plazma kuliko inavyopima. Punguza kipenyo cha shina hadi mm 3 au usiingie zaidi ya sm 3 kutoka ukingoni. Na presha usiipandishe hovyo: kwenye 0.1 Pa ioni hugongana na gesi mara chache kuliko zinavyozunguka, lakini kuelekea 1 Pa viwango hivyo vinakaribiana, na nadharia iliyokupa 7.1 kHz haifai tena.

Heli

Badilisha, itakusaidia, lakini si kwa sababu unayoifikiria. f* haina uzito wa ioni ndani yake, hivyo usitegemee kilele kiruke mara kumi. Kinachobadilika ni ρs, ambayo inashuka hadi sm 0.44, na kigawanyo kinaacha kubana. Kwa Te na Ln zilezile, m = 1 ingekuwa 6.5 kHz, m = 2 ingekuwa 12.2, m = 3 ingekuwa 16.7. Vilele vilivyorundikana kwenye agoni vinatawanyika, na hapo masafa yanaanza kusema kitu. Lakini m = 1 imesogea kidogo sana, kwa hiyo kilele kinachobaki karibu na 7 kHz kwenye gesi zote mbili kinaweza kuwa m = 1 ya drifti, Kelvin-Helmholtz (E/B nayo haijali uzito), au pawasaplai. Fezi kuzunguka safu na pete za bamba ndizo zitakazoamua.

Te haitabaki ileile. Heli inahitaji 24.6 eV kupoteza elektroni, agoni 15.8, hivyo tarajia elektroni zenye joto zaidi na msongamano mdogo kwa nguvu ileile ya antena. Pengine utalazimika kuongeza presha ili safu iwake vizuri. Kokotoa upya kila kitu, pamoja na tofauti kati ya volteji ya plazma na ya kuelea, ambayo kwa heli ni mara 4.0 ya Te, si 5.2. Ukinzani wa utando nao hubadilika pamoja na mkondo ulioshiba, kwa hiyo rudia kipimo cha ishara kupitia rezista, ukitumia thamani mpya badala ya ile ya 22 kΩ.